Huruma ndiyo iliyoniingiza kwenye elimu maalumu, ila siyo iliyonibakiza

Wiki yangu ya tatu kama mwalimu msaidizi, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mvulana wa miaka tisa nikimfunga vifungo vya shati. Nilikuwa nimeshakuwa mwepesi wa kazi hiyo. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku nikimsemesha maneno mazuri, na yeye ametulia tuli, macho yake dirishani. Mwalimu wa darasa lile, mama mmoja aliyekuwa kwenye kazi hiyo tangu mimi sijaanza shule, alisimama pembeni akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, umemfunga vifungo siku ngapi sasa?"

Nikamjibu kwamba tangu nilipofika, kila siku baada ya michezo.

"Na yeye amejifunza nini siku zote hizo?"

Sikuwa na jibu. "Amejifunza kwamba akikaa kimya, mtu mzima atakuja," akasema, akaenda kuwapanga watoto wengine.

Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii ya kufundisha watoto wenye ulemavu huanza na maneno yaleyale: "Mimi nina huruma sana na watoto hawa." Nami nilianza hivyohivyo. Siidharau huruma, ndiyo iliyonifungulia mlango. Lakini ilinichukua muda kukubali kwamba huruma yangu nisipoiangalia inamnyang'anya mtoto siku zake. Kila kifungo nilichokifunga mimi kilikuwa nafasi moja ya kujifunza iliyopita.

Jioni ile nililaza shati langu mwenyewe mezani na kuanza kulifunga polepole, nikiandika kila kinachofanywa na vidole. Jambo ninalolifanya kila asubuhi bila kufikiri lilinitolea hatua sita. Kushika ukingo wenye tundu. Kukamata kifungo kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada. Kukielekeza tunduni kwa ubavu. Kukisukuma mpaka nusu. Kuhamisha vidole upande wa pili. Kukivuta kitoke. Ile ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, maana kwa muda mfupi sana mikono miwili inabadilishana kazi, na kifungo kikiachiwa mapema kinarudi kilikotoka. Nilikuwa sijawahi kuiona hatua hiyo maishani mwangu, pamoja na kuipitia maelfu ya mara.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuanzia mwisho. Mwalimu anafanya hatua zote isipokuwa ya mwisho, na ya mwisho anamwachia mtoto. Akiiweza, mwalimu anaacha mbili, halafu tatu, akirudi nyuma hivyo mpaka kazi yote iwe mikononi mwa mtoto. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtoto anamaliza yeye kila mara. Hata siku ya kwanza kabisa, kilichobaki machoni pake ni kifungo kilichofungwa na mkono wake. Ukianzia mwanzo, anahangaika na hatua ya kwanza, halafu wewe unamalizia, na anachokikumbuka ni kushindwa.

Kwa hiyo nilikisukuma kifungo mpaka nusu, nikasema "vuta," kisha nikaweka mikono yangu mgongoni. Hapo ndipo nilipojijua. Zilipita sekunde tano, sita, saba. Vidole vyangu viliwasha. Nilihesabu kimoyomoyo ili nisiinyooshe mikono. Kwenye sekunde ya kumi na moja mkono wake ulianza kuinuka, ukapapasa shati, ukakipata kifungo, ukavuta. Alitazama chini. Kisha akanitazama mimi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza anitazame bila kuitwa.

Sekunde kumi na moja! Katika siku zote zilizotangulia sikuwahi kumpa hata tatu. Watoto wengi niliowafundisha baadaye, hasa wenye mtindio wa ubongo, walinionyesha jambo hilohilo: jibu lipo, ila linasafiri njia ndefu kutoka kwenye wazo mpaka kwenye mkono au mdomo. Mwalimu anayerudia swali kila baada ya sekunde mbili anamrudisha mtoto mwanzo wa safari kila mara.

Mwalimu yule yule aliyeniuliza kuhusu vifungo aliniambia niachane na kutazama kipi mtoto hawezi, nianze kutazama kinachotokea. Alinipa daftari lenye safu tatu: kabla, tukio, baada. Nililitumia kwanza kwa msichana mmoja mwenye usonji aliyekuwa akipiga mayowe na kujiuma mkono karibu kila siku wakati wa hesabu. Sote tulikuwa tumekubaliana kwamba hapendi hesabu. Kila akianza, tuliondoa vitu vya kuhesabia, naye baada ya muda alitulia, nasi tukaona tumethibitisha.

Niliandika kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote. Kuna siku aliyopiga mayowe kabla hajapewa kitu cha kuhesabia. Kuna siku alihesabu kokoto ishirini kwa raha zake. Nilipozipanga saa, nikaona kwamba siku za mayowe ni zile ambazo darasa la jirani lilikuwa na somo la michezo ya ndani, na ili kupata nafasi walikuwa wakiburuta viti sakafuni. Mimi sauti ile nilikuwa siisikii tena, nimeizoea. Yeye ilimchoma. Hesabu haikuwa na kosa lolote, ilikuwa tu kwenye ratiba ya saa ileile.

Tulichofanya hakikuhitaji fedha nyingi. Tuliomba viti vibebwe badala ya kuburutwa, tukambandikia mezani ratiba ya picha inayoonyesha saa ya kelele kabla haijafika, tukampatia vizuia sauti vya masikioni, na tukamfundisha kadi moja yenye picha ya mlango. Akiinua kadi, anatoka nje na mtu mzima kwa dakika tano, bila kuulizwa maswali. Wiki za kwanza aliitumia mara nyingi sana, hata wenzangu wakalalamika kwamba anatuchezea. Niliisimamia. Mtoto ambaye mayowe ndiyo yalikuwa njia yake pekee ya kusema "siwezi kukaa hapa" sasa alikuwa na karatasi ya kusemea, na nilitaka aamini kwamba karatasi ile inafanya kazi kila mara. Baada ya miezi miwili alikuwa akiinua kadi siku za viti tu. Kuna siku aliishika mkononi muda wote bila kuiinua.

Sasa niseme kosa langu kubwa, kwa sababu anayeingia kwenye kazi hii anapaswa kujua kwamba utakosea kwa mtoto halisi, na mtoto ndiye anayelipa.

Nilikuwa na mvulana mwenye Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza, mchangamfu, aliyependa kucheza. Katika muhula wa pili alianza kutonisikiliza. Nikimwita, hageuki. Nikitoa maelekezo, anafanya jingine. Kwenye kumbukumbu zake niliandika kwa mkono wangu neno "mkaidi," na nyumbani nikapeleka barua ya kulalamika. Nilimhamishia kiti cha nyuma, nikidhani nikimpunguzia kutazamwa atapunguza vituko. Mambo yakazidi. Ilikuwa mpaka mtaalamu wa masikio alipowapima watoto wote, ndipo ilipobainika kwamba yule mtoto alikuwa na majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Tatizo hilo huwapata sana watoto wenye Down, kwa kuwa mirija inayounganisha sikio na koo huwa myembamba na haipitishi maji vizuri. Hilo nilishawahi kulisoma, nikalijibia hata mtihani. Na bado nilimchukua mtoto asiyesikia nikamketisha nyuma.

Nilimwita mama yake nikamweleza yote, pamoja na lile neno. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nyumbani nilimwadhibu kwa sababu ya barua yako." Nilimwomba radhi. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angenifokea. Tangu siku ile sijaandika tena kwenye kumbukumbu za mtoto neno linalomhukumu. Naandika alichofanya, saa ngapi, na nani alikuwepo. Na mtoto akibadilika ghafla, swali langu la kwanza ni la mwili: anasikia? Anaona? Amelala? Jino linauma? Amebadilishiwa dawa? Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" atalisema kwa namna yoyote aliyonayo, na mara nyingi namna hiyo itaonekana kama utundu.

Baadaye nilisomea kufundisha wasioona, na huko nikakutana na jambo lililonisaidia kuelewa kwa nini wema wetu hukosea njia. Kuandika nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, kwa mkono ni kazi ya kinyume: unabana karatasi kwenye kibao chenye vijidirisha, unachoma kwa kalamu ya chuma yenye ncha butu, ukitoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta zinachomoza upande wa pili. Ukigeuza karatasi ndipo inasomeka kushoto kwenda kulia. Kila alama ina nafasi ya nukta sita tu, safu mbili za tatu tatu, na wiki ya kwanza nilikuwa nikiandika herufi zangu zote zimegeuka. Nilifumba macho nikajaribu kusoma kwa kidole nilichoandika, nikatoka jasho.

Louis Braille alibuni mfumo huu akiwa kijana wa miaka 15, mwaka 1824, akauchapisha 1829. Kabla yake vitabu vya wasioona vilichapwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Kwa mwenye macho zilipendeza na kusomeka. Kwa kidole zilikuwa polepole mno. Shule ya Paris aliyosomea na kufundisha mwenyewe ilikuja kuukubali mfumo wake rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Walimu wenye macho walikuwa wakipima kitabu cha asiyeona kwa macho yao wenyewe.

Kwa viziwi yalitokea makubwa zaidi. Mwaka 1880 walimu wao walikutana Milan katika mkutano wa kimataifa, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kuzungumza na lugha ya alama iachwe. Shule nyingi ziliifuata kauli hiyo kwa vizazi. Ilikuwa mwaka 2010, mkutano wa mfululizo huohuo ulipofanyika Vancouver, ndipo maazimio yale yalipokataliwa rasmi na majuto yakatamkwa. Miaka 130. Naamini wengi wa wale walioinua mikono Milan waliwapenda wanafunzi wao. Kila ninapotaka kuamua jambo kwa niaba ya mtoto wangu darasani, nawakumbuka, na ninatafuta kwanza njia ya kumuuliza yeye, hata kama njia hiyo ni kadi mbili mezani nikitazama anaigusa ipi.

Kwa unayefikiria kuingia kazini, nina machache ya kukuambia waziwazi.

Kabla ya kujiandikisha chuoni, jitolee kwenye darasa la elimu maalumu kwa wiki kadhaa, na usichague siku za sherehe. Nenda siku za kawaida, kaa mpaka mwisho wa siku, saidia chooni, saidia wakati wa kula. Sehemu kubwa ya kazi iko huko, na ndiko utakakojua kama moyo wako unabaki. Chuo nacho kiulize swali moja muhimu: mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani, na ni kwa watoto gani? Elimu maalumu ina matawi, kwa maana ya wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa akili, usonji, ugumu wa kujifunza kusoma na mengineyo, na ujuzi wa tawi moja haukupi tawi jingine. Anayejua nukta nundu si lazima ajue lugha ya alama. Usikimbilie kuchagua kabla hujakaa na watoto wa aina zaidi ya moja. Mimi niliingia nikidhani nitakuwa mwalimu wa viziwi maisha yangu yote.

Jiandae pia kufanya kazi ndani ya shule za kawaida. Tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994, na zaidi baada ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao kifungu chake cha 24 kinazungumzia elimu jumuishi, mwelekeo umekuwa kumfundisha mtoto pamoja na wenzake wa mtaani kwake. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti kwamba msaada uende pamoja na mtoto. Kumweka mtoto kiziwi kwenye darasa ambalo hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama, halafu tukaita hiyo ni elimu jumuishi, ni kumfungia peke yake katikati ya watu. Mwalimu wa elimu maalumu kwenye shule kama hiyo anatumia nusu ya siku yake na walimu wenzake, akiwaonyesha jinsi ya kupunguza maneno ubaoni, kukuza maandishi, kumpa mtoto muda wa ziada. Ukiwa huwezi kufundisha watu wazima bila kuwakwaza, utapata tabu.

Makaratasi ni mengi. Kila mtoto ana mpango wake binafsi wa elimu, na mpango mbovu unaujua kwa lugha yake: "ataboresha mawasiliano." Huwezi kujua kama lengo hilo limetimia. Mimi siku hizi naandika: "Akiwa na kiu, atagusa kadi ya maji bila kushikwa mkono, mara nne kati ya tano, kwa wiki mbili mfululizo." Malengo ya namna hii yanaonekana madogo mno kwa mtu wa nje, lakini mzazi akiyasoma anaelewa, na mwalimu wa mwaka unaofuata anajua aanzie wapi.

Jifunze huduma ya kwanza ya kifafa kabla hujaihitaji. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, usimbane asitikisike, na tazama saa. Degedege likipita dakika tano, ita msaada wa dharura. Mara ya kwanza lilipotokea darasani kwangu, nilichofanikiwa kukumbuka vizuri ni kutazama saa, na taarifa ile ndiyo daktari aliyoihitaji.

Kuhusu wazazi, nilikuwa nikiwaogopa. Nilidhani kila anayekuja amekuja kulalamika. Mama mmoja alinifungua macho aliponiambia, "Mwalimu, kila nikiitwa shuleni ni habari ya kilichoshindikana. Niambie kitu kimoja alichoweza leo, kimoja tu." Nilianzisha daftari dogo linalokwenda nyumbani kila siku, mstari mmoja au miwili. Wao wakaanza kujibu. Kupitia daftari lile nilijua kwamba mtoto niliyedhani hawezi kupanga vitu kwa ukubwa huwa anapanga viatu vya familia nzima kila jioni, kutoka cha baba mpaka cha mdogo wake. Siku iliyofuata niliweka kando vitalu vya plastiki, nikaleta viatu.

Utachoka, na kuna uchovu wa aina mbili. Wa mgongo unaisha ukilala. Ule mwingine unakuja ukifanya kazi mwaka mzima na mtoto, akapata kuumwa, akarudi amesahau uliyomfundisha. Niliwahi kukaa kwenye gari nikalia kwa ajili hiyo. Kilichonisaidia ni madaftari yangu ya safu tatu. Nilirudi kwenye kurasa za mwaka uliotangulia nikaona kwamba mara ya kwanza ilituchukua wiki kumi na nne kufika pale. Tukaanza upya. Mara ya pili ilituchukua tano.

Yule mvulana wa vifungo tulifanya naye muhula mzima na nusu. Nilianza na kitambaa mezani chenye vifungo vikubwa, akaviweza, nikafurahi, kisha nikamvalisha shati akashindwa kabisa. Nilisahau kwamba kitambaa kilicho mezani kinakutazama, na shati ulilovaa linageuka upande wa pili. Tukarudi nyuma, nikamvalisha kizibao chenye vifungo vilevile vikubwa, halafu vya kati, halafu shati lake.

Asubuhi moja aliingia darasani kavaa mwenyewe kutoka nyumbani. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, hasemi kitu. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, na vyote vilikuwa vimeruka tundu moja, shati limepanda upande mmoja mpaka karibu na sikio. Mikono yangu ilikwenda mbele yenyewe. Niliirudisha mgongoni. Mvulana alipita mbele ya kioo kilichokuwa kando ya mlango, akasimama, akashika ile pembe ya shati iliyozidi chini, akaitazama. Kisha akaanza kufungua, kimoja kimoja, kutoka chini.

Kengele ya somo la kwanza ililia. Tulimsubiri.